Joto la Ardhini kwa Mkulima wa Nakuru: Mwongozo Kamili wa Kukaushia, Kufugia na Kuchemshia bila Kuni

Kila mwaka Oktoba ikiisha, barabara ya kutoka Nakuru kwenda Solai hutandikwa maturubai ya mahindi pande zote mbili. Akina mama huyageuza kwa nyayo, huku jicho moja liko juu. Wingu likikaa vibaya, ni mbio: kukusanya, kufunika, kubeba ndani. Mvua ikishika siku nne mfululizo, mahindi ya katikati ya rundo huanza kupata moto yenyewe, yanatoa uvundo, kisha inatokea kuvu ya kijani. Mwaka mmoja nilimwaga magunia 14 namna hiyo. Nikiwa pale shimoni nikimwaga, nikainua macho nikaona mvuke ukipanda kutoka kreta ya Menengai. Chini ya miguu yetu kuna moto usiozimika, na mimi nazika chakula kwa kukosa joto la kukikausha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijifunza jambo hili na kulipeleka kwa vikundi vya wakulima. Haya ni yale ambayo ningependa mtu angenieleza mapema.

Kwanza tuelewane: mvuke si umeme tu

Tangu mtambo wa kwanza wa Olkaria uwashwe mwaka 1981, Mkenya akisikia neno mvuke anafikiria waya na stima. Ni haki yetu kujivunia stima hiyo. Lakini kuzalisha umeme kunahitaji joto kali sana, na hata hivyo, kati ya kila sehemu 100 za joto linalotoka ardhini, ni takriban 12 tu zinazogeuka umeme. Zinazobaki hutoka na maji ya moto na mvuke uliopoa.

Mkulima hahitaji joto kali. Mahindi hukauka vizuri kwa hewa ya nyuzi 50 hadi 60. Maziwa huuliwa vijidudu kwa nyuzi 72 kwa sekunde 15, au nyuzi 63 kwa nusu saa. Vifaranga wa siku moja wanataka nyuzi 32 hadi 35. Samaki aina ya perege hunenepa katika maji ya nyuzi 27 hadi 30, na hapa kwetu nyanda za juu, bwawa la kawaida huwa baridi kiasi kwamba samaki hukaa miezi bila kuongezeka. Kwa hiyo kisima ambacho wahandisi wa umeme wanakiona dhaifu, kwetu ni hazina.

Wala hatuanzi sisi. Eburru, huko juu ya Gilgil, watu wamekausha pareto kwa mvuke tangu enzi za walowezi, na mpaka leo kuna familia zinazotega mvuke kwa mapaipu, unapoa, zinakinga maji ya matumizi kwenye mapipa. Shamba la maua la Oserian, Naivasha, lilianza kupasha vivungulio vyake, yaani nyumba za kukuzia maua, kwa joto la kisima mwaka 2003, likafikia hekta 50. Pale Menengai, GDC, kampuni ya serikali inayoendeleza uchimbaji wa mvuke, ilifungua mwaka 2015 miradi ya kuonyesha: kivungulio, mabwawa ya samaki, mtambo wa maziwa na dobi. Baadaye kikaja kikaushio cha nafaka. Kama kikundi chako hakijawahi kufika pale, andika barua ya kuomba ziara kabla ya kufanya lolote lingine. Mtu akishatia mkono kwenye hewa ile na kuona inavyokauka, huna haja ya kumhubiria.

Hatua ya 1: Anza na kazi, usianze na joto

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kikundi kusema, "Tuna maji moto, tufanye nini nayo?" Geuza swali. Ni kazi gani inayowala pesa au inayowaharibia mazao kila msimu? Ni ya miezi mingapi kwa mwaka? Inahitaji nyuzi ngapi?

Swali la miezi ni zito kuliko linavyoonekana. Kikaushio cha mahindi hufanya kazi kuanzia Oktoba hadi Januari, kisha kinalala. Paipu na pampu ulizolipia zinalala nazo. Ndiyo maana napendelea kikundi kioanishe kazi mbili au tatu zinazopokezana. Maji yanayotoka kwenye kikaushio yakiwa na nyuzi 55 bado yanaweza kupasha banda la vifaranga. Yakitoka hapo na nyuzi 40, yapitishwe kwenye mapaipu ya bwawa la samaki. Joto lile lile limefanya kazi tatu, na kila mojawapo imechukua kile ilichohitaji tu.

Hatua ya 2: Pima chanzo chako kwa mtungi na saa

Vyanzo tulivyo navyo ni vya aina tatu: maji ya moto yanayobaki kwenye visima vya mvuke kama vya Menengai, visima vya kawaida vya maji ambavyo hapa Bonde la Ufa hutoa maji ya uvuguvugu au moto, na chemchemi, kama zile za Kekopey kando ya ziwa Elementaita. Upande wa Nyanza ziko chemchemi za Homa Hills, kaunti ya Homa Bay. Zile za ziwa Bogoria ziko ndani ya hifadhi. Nenda ukazitazame, lakini usifikirie kuchimba wala kutega paipu hapo.

Vifaa vya kupimia ni rahisi: kipimajoto kinachosoma mpaka nyuzi 110, mtungi wa lita 20, saa ya simu, daftari. Ingiza kipimajoto pale maji yanapotoka, si kwenye dimbwi. Kumbuka kwamba Nakuru iko juu, takriban mita 1,850, na hapa maji huchemka yakifika kama nyuzi 94. Ukiona 94, usidhani kipimajoto kimeharibika.

Kisha kinga mtungi na uhesabu sekunde mpaka ujae. Rudia mara tatu, andika wastani. Rudi tena wakati wa kiangazi, Februari, upime upya. Nimewahi kuona kikundi kikipanga mradi wote kwa kipimo kimoja cha mwezi Mei, na kiangazi kilipofika maji yakawa nusu.

Hadhari: panaponuka kama mayai viza pana gesi ya salfa. Ikiwa kidogo, pua inaisikia. Ikiwa nyingi, pua hufa ganzi na harufu inapotea, na hapo ndipo mtu huanguka. Gesi ya kaboni nayo ni nzito kuliko hewa, hujaa mabondeni na kwenye mashimo bila harufu yoyote. Usiende peke yako, usiende alfajiri kusipokuwa na upepo, na usiiname shimoni kuchungulia. Hili silisemi kwa kutisha. Nalisema kwa sababu tunawatuma vijana wetu.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Hapa ndipo wengi hufunga daftari, na hapa ndipo ningependa tukae, maana hesabu yenyewe ni ya darasa la saba.

Chukua magunia 10 ya mahindi, kilo 900, yenye unyevu wa asilimia 20. Yatakiwa yashuke hadi 13.5, kiwango kinachokubalika sokoni na ambacho kuvu haipati nafasi. Maji yanayotakiwa kutoka ni: 900 mara 6.5 (yaani 20 toa 13.5), gawanya kwa 86.5 (yaani 100 toa 13.5). Jibu ni kilo 68. Yaani mitungi zaidi ya mitatu ya maji imejificha ndani ya magunia yako. Ndiyo maana turubai la siku mbili halitoshi.

Kutoa kilo moja ya maji kwenye nafaka, katika kikaushio cha kawaida kinachopoteza joto kiasi, weka megajuli 5 za joto (megajuli moja ni kilojuli 1,000). Kwa hiyo 68 mara 5 ni megajuli 340. Ukitaka kumaliza kwa saa 10, unahitaji takriban kilowati 9.4 za joto mfululizo, yaani kilojuli 9.4 kila sekunde.

Sasa upande wa maji. Lita moja ya maji ikishuka nyuzi moja hutoa kilojuli 4.2. Tuseme maji yako yanaingia kwenye kikaushio na nyuzi 80 na yanatoka na 55. Yameshuka nyuzi 25, kwa hiyo kila lita imeacha kilojuli 105. Gawanya 9.4 kwa 105: unahitaji lita 0.09 kwa sekunde, yaani kama lita 5 na nusu kwa dakika. Kwa lugha ya mtungi, chanzo kinachojaza lita 20 kwa dakika tatu na nusu kinatosha kukausha magunia 10 kwa siku. Huo ni mkondo mwembamba kuliko bomba la jikoni!

Ikiwa maji yako ni ya nyuzi 60 na unaweza kuyashusha hadi 50 tu, kila lita inaacha kilojuli 42. Sasa unahitaji lita 13 na zaidi kwa dakika, mtungi ujae kwa dakika moja na nusu, na hewa yako itakuwa ya nyuzi 45 hivi, kwa hiyo utahitaji feni yenye nguvu zaidi. Bado inawezekana. Lakini maji ya nyuzi 42 usiyalazimishe kukausha mahindi. Yapeleke kwa samaki au vifaranga, yatakufaa zaidi.

Mahindi ya mbegu yasipite nyuzi 43, la sivyo hayataota. Ya kusaga yaweza kufika 60.

Hatua ya 4: Yajue maji kabla ya kununua paipu

Maji ya chini ya Bonde la Ufa yamebeba madini mengi. Sisi wa Nakuru tunajua: tazama meno ya kahawia ya watoto waliokulia maji ya visima. Hiyo ni floridi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita katika maji ya kunywa, na maji ya jotoardhi huweza kuzidi hapo mara nyingi. Kuna silika inayoganda kama ukoko wa sufuria. Kuna boroni inayounguza majani ya mimea. Kuna arseniki pia.

Peleka sampuli maabara na uombe vipimo vya asidi, silika, kalisi, kloridi, floridi, boroni, arseniki na salfa. Gharama ya vipimo hivi ni ndogo mno ukilinganisha na gharama ya kurudia mtambo.

Mimi nililipia somo hili. Fundi mmoja, mtu mwema na mwenye mikono mizuri, alinijengea kibadilisha joto, yaani kifaa kinachotoa joto kwenye maji na kulipa hewa bila viwili hivyo kugusana, cha bomba la shaba, kama wanavyofanya kwenye majokofu. Kiling'aa siku ya kwanza. Wiki ya pili kilikuwa cheusi tititi, ukikipitisha kidole unatoka na unga kama masizi. Wiki ya saba kikatoboka. Gesi ya salfa hula shaba. Hakuna aliyetuambia, na hatukuwa tumepima.

Kanuni ninayoishikilia tangu hapo: maji ya ardhini yasiguse chakula, wala samaki, wala mmea. Yazunguke kwenye kibadilisha joto cha chuma kisichoshika kutu, na upande wa pili yazunguke maji safi au hewa ndiyo ibebe joto. Nunua cha sahani zinazofunguka kwa spana, ili ukoko uweze kusuguliwa.

Hatua ya 5: Vibali

Sitarefusha hapa, lakini usiruke. Sheria ya Kawi ya 2019 inasema rasilimali za jotoardhi ziko chini ya serikali ya kitaifa, hata kama mvuke unatoka kwenye shamba lenye hatimiliki yako. Kwa hiyo ukitaka maji ya kisima cha mvuke, anza na GDC na wizara ya kawi. Kuchimba kisima cha maji au kuchukua maji ya chemchemi kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. NEMA wataangalia athari kwa mazingira, hasa maji yako yataishia wapi. Ukigusa maziwa, Bodi ya Maziwa inaingia, na bidhaa ya kuuza hupitia KEBS, shirika la viwango.

Hilo la maji yanaishia wapi, uwe na jibu kabla hujaulizwa. Jibu bora ni kuyarudisha ardhini kwenye kisima cha kurudishia. Jibu la pili ni bwawa lililotandikwa karatasi ya plastiki. Kuyaachilia mtoni si jibu.

Hatua ya 6: Peleka kazi kwenye joto

Iceland wana paipu la kilomita 27 kutoka Nesjavellir mpaka Reykjavik, na maji hupoteza chini ya nyuzi 2 njiani. Wakulima wakisikia hivyo huuliza kwa nini sisi tusivute maji mpaka Bahati. Ni kwa sababu paipu lao ni pana sana na lina maji mengi mno. Paipu lako la inchi moja, lenye maji ya polepole, litakuwa limepoa kabla halijavuka shamba la jirani. Jenga kikaushio kando ya chanzo, kisha beba mahindi kwa tuktuk au lori.

Paipu la moto livikwe sufi ya mawe au foamu, juu yake bati jembamba au plastiki ngumu, maana jua na panya hula foamu. Weka vali mwanzoni na mwishoni, na vipimajoto viwili: maji yanapoingia na yanapotoka. Bila hivyo viwili, utaendesha mtambo kama kipofu.

Kikaushio chenyewe kwa kikundi kinaweza kuwa chumba cha mawe chenye sakafu ya wavu wa chuma. Chini ya wavu hupita hewa inayosukumwa na feni kupitia kibadilisha joto. Tabaka la mahindi lisizidi sentimita 30 hivi, na ligeuzwe. Juu acha matundu ya kutokea hewa yenye unyevu. Nimeona vyumba vilivyozibwa vizuri ili "joto lisitoroke", na mahindi yakatoka yamepikwa badala ya kukauka. Joto peke yake halikaushi, hewa inayoondoka ndiyo inayobeba maji.

Feni na pampu zinahitaji stima, ila kidogo. Paneli za sola na betri zinaweza kuzimudu kwa kikundi kidogo.

Kwa wafugaji wa kuku: mapaipu ya plastiki inayostahimili joto yakilazwa ndani ya sakafu ya saruji, kisha juu yake pumba za mbao, vifaranga hulala kwenye vuguvugu bila jiko la makaa. Mnajua hasara ya jiko: usiku mmoja moshi, usiku mwingine makaa yamezimika saa tisa, asubuhi unaokota vifaranga waliorundikana kona moja wamekufa. Sakafu ya moto haizimiki saa tisa. Mimi ningeanza na hii, hata kabla ya kikaushio, kama maji yangu ni ya nyuzi 45.

Hatua ya 7: Watu, kisha pesa

Menengai si mlima wa kawaida kwa wenyeji. Wazee wana habari za mizimu ya kreta, na Wakikuyu wameuita kilima cha ngoma, neno lao la mizimu. Mama mmoja kwenye mkutano wetu aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, na chakula kilichokaushwa na moto wa kule ndani, kitatuacha salama?" Sikumcheka, wala wewe usimcheke mtu. Nilimpeleka kwenye paipu, nikamweka kiganja juu yake, kisha kwenye hewa inayotoka. "Mama, moto umebaki ndani ya chuma. Kilichogusa mahindi ni hewa hii hii unayovuta." Akanusa, akachukua punje, akaing'ata. "Imelia," akasema. Punje iliyokauka hulia ikivunjika. Msimu uliofuata alileta magunia 6.

Sajilini kikundi au ushirika, mfungue akaunti, muwe na katiba inayosema nani anakausha lini. Foleni ya mahindi wakati wa mvua huvunja urafiki wa miaka.

Kuhusu pesa za umma, jueni kalenda. Kaunti huwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mkienda kwa mwakilishi wadi mwezi Juni, mmechelewa. Mpango wa miaka 5 wa 2023 hadi 2027 unafika mwisho, kwa hiyo vikao vya maoni vya mpango unaofuata ndivyo vya kuhudhuria. Msiseme tu "tunaomba kikaushio." Wekeni mezani kile kipimo cha mtungi, majibu ya maabara, idadi ya magunia na yale yaliyooza mwaka jana. Ongezeni hili: sheria ile ya 2019 imegawa mrabaha wa jotoardhi, asilimia 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya mahali. Ni halali kuuliza sehemu hiyo itafanya kazi gani.

Hatua ya 8: Kuendesha

Mteueni mtu mmoja mwenye zamu, alipwe. Kila saa aandike nyuzi za kuingia, nyuzi za kutoka, na unyevu wa mahindi kwa kipima unyevu, si kwa meno, hata kama mama yule aliweza. Asipokee mahindi yaliyokwisha ota kuvu, kwa sababu kukausha hakuondoi sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya kwa mahindi yenye sumu hiyo, na mahindi yale yangekaushwa mapema kuvu isingepata pa kukaa.

Tofauti kati ya nyuzi za kuingia na za kutoka ikianza kupungua wiki hadi wiki ilhali maji yanapita vilevile, ukoko umeshaanza ndani ya kibadilisha joto. Funga vali zote mbili, acha kipoe, fungua sahani. Loweka kwenye asidi ya sitriki iliyochanganywa na maji ikiwa ni ukoko mweupe wa chokaa. Ukoko mgumu wa kijivu kama kioo ni silika na asidi hiyo haiutoi, itabidi usuguliwe kwa brashi. Suuza, badilisha mipira ya kuzibia iliyolegea, funga, fungua vali ya kutokea kwanza, kisha ya kuingilia polepole, na uandike tarehe kwenye daftari.